Manyoya mawili kwenye mshipi mmoja, hapa kwetu Mtwara

Kila nikishuka Mikindani na ile fimbo ya flai, ya kuvulia kwa ndoana zilizovalishwa manyoya, lazima atokee kijana aniulize, kaka, ukifunga manyoya mawili si unapata samaki wawili? Na mimi kila siku nawajibu vilevile, hapana, kupandisha wawili kwa mpigo inatokea mara mojamoja lakini ukifunga mawili kwa tamaa hiyo utaishia kukata nailoni tu. Mawili unafunga ili umuulize samaki. Leo anataka kikubwa au kidogo, anakula chini kwenye mchanga au juu, cheupe au cha rangi ya mchanga, sasa badala ya kubadilisha nyoya mojamoja asubuhi nzima huku maji yanapwa unamwekea vyote viwili mbele yake achague mwenyewe. Akishachagua, kata lile lingine. Hapo ndo wengi tunaachana, ila ntafika.

Kwa ambaye hajawahi kuona huu uvuvi, kwenye flai unarusha mshipi wenyewe, hamna chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi. Mshipi ni mnene na una uzito, uzito huo ndo unabeba nyoya ambalo halina uzito wowote wa maana mpaka lifike mita kumi na tano huko. Mbele ya mshipi mnene kuna nailoni inayoanza nene inaishia nyembamba, wenyewe wanaiita lida, kwa fimbo namba 8 kama yangu inakua ya futi 9 hivi, yaani kama mita 2.7, na mwisho wake ndo unafunga nyoya. Nyoya ni ndoana imevalishwa manyoya na nyuzi na vitu vya kung'aa ifanane na uduvi, kamba mdogo au dagaa. Basi. Hayo mengine ni mazoezi ya mkono.

Wazo la ndoana zaidi ya moja mimi sikulipata kwa wageni. Mjomba wangu, kaka yake mama, wa Naumbu, ndo alinilea kwenye ngalawa, na mshipi wake wa vibua siku zote una ndoana kadhaa zimepangana, kila moja imefungwa unyoya wa shingo ya jogoo mweupe na kijipande cha karatasi ya kung'aa, chubwi chini kabisa, unashusha unatingisha unasikia vibua wanavyodonoa. Yale matawi ya pembeni anayafunga mafupi, nilipokua mdogo nikamuuliza kwanini asiyaache marefu samaki aone vizuri, akanijibu, mjomba, tawi refu linajisokota kwenye mshipi, afu utakua unavua mshipi wako mwenyewe. Hilo neno nimelikuta kweli mpaka leo, na fimbo ya bei mbaya haijalibadilisha.

Baadae nikaanza kuendesha wageni kwa boti, wengine wa kupiga mbizi, wengine wa kuvua. Mzee mmoja alikuja kutoka Scotland, kule kwao kwenye maziwa wanavua kwa manyoya matatu kwenye nailoni moja, boti inasukumwa na upepo taratibu, na lile nyoya la juu kabisa wanaliburuza usoni mwa maji makusudi, samaki apande atazame, akilikataa anageuka kushuka anakutana na yale ya chini. Alivyoushika mshipi wa mjomba alifurahi sana yule mzee, wakakaa mchangani wanaoneshana mafundo, lugha hawajuani lakini vidole vilikua vinaelewana kabisa. Yeye ndo alinifundisha kurusha, na mengi ntakayosema hapa yametoka kwa hao wazee wawili, mengine nimeyapata mwenyewe kwa kuvua.

Sasa tuje kwenye kufunga. Njia rahisi kuliko zote ni ya mkia. Unafunga nyoya la kwanza mwisho wa lida kama kawaida, alafu unachukua kipande kingine cha nailoni unakifunga kwenye mpindo wa ndoana ya hilo nyoya la kwanza, pale inapokunja, na mwisho wa kipande hicho unafunga nyoya la pili. Yaani la pili linamfuata la kwanza mstari mmoja. Ni ya haraka, hata boti ikiwa inacheza unaweza, na haijisokoti sana maana vyote viko kwenye mstari ulionyooka. Shida yake ni moja, nyoya la mbele limefungwa mbele na nyuma kwaiyo halichezi, na ile nailoni iliyopita kwenye mpindo inaweza kuzuia ndoana isiingie vizuri mdomoni. Kwa chaa na changu wadogo ambao wanakula kwa kufyonza hiyo nimeiona kabisa, anadonoa nyoya la mbele, unahisi, unavuta, hamna kitu. Ukikunja kwa plaizi kile kijino cha ndoana kinachoizuia isichomoke, usisahau pia kwamba fundo la kwenye mpindo linaweza kuteleza likatoka mshipi ukilegea, kwaiyo likaze sawasawa.

Njia ninayoipenda ni ya tawi, hii ndo ndugu yake mshipi wa mjomba. Chukua mwisho wa lida, chukua na kipande kipya cha nailoni kama mita moja hivi. Vilaze pamoja, vipishane kama sentimita 25, mwisho wa kimoja uelekee kwa mwenzake. Shika vyote viwili kwa pamoja ufanye tanzi, upitishe hizo nailoni zote mbili ndani ya tanzi mara tatu, ukivuta kile kipande kipya chote kizima kipite. Kabla hujakaza weka mate. Sio mazoea tu hayo ya wavuvi, nailoni ikisuguana kavu inapata moto na inadhoofika palepale kwenye fundo, utaona imekua nyeupe au imejikunja kama nywele, ukiona hivyo kata uanze upya. Kaza kwa kuvuta ncha zote nne pamoja taratibu mpaka fundo likae.

Hapo utabaki na ncha mbili zilizozidi, moja inaangalia juu kwenye fimbo, nyingine inaangalia chini kwenye maji. Ile ya juu kata karibu kabisa na fundo. Ile inayoangalia chini ndo tawi lako, ndo utafunga nyoya la juu. Usichanganye hapo. Ile ya chini ni muendelezo wa nailoni ileile inayotoka kwenye fimbo, kwaiyo hata fundo likiteleza samaki aliyenasa kwenye tawi bado uko nae. Ukitumia ile inayoangalia juu, samaki akivuta anaikunja kinyume, anakua kama analifungua fundo kwa mdomo wake. Nimeona watu wenye vifaa vizuri kuliko vyangu wanapoteza kolekole hapo na wanasema nailoni mbovu.

Urefu wa tawi usizidi sentimita 15, na 10 inatosha. Kumbuka neno la mjomba. Na kwa vile tawi limetoka kwenye nailoni ya juu ambayo ni nene kidogo, linasimama lenyewe pembeni, halilali kwenye mshipi. Ukitumia nailoni nyembamba laini kwa tawi, hata liwe fupi litajizungusha tu.

Nafasi kati ya nyoya na nyoya, mi naanzia sentimita 60. Kwenye maji ya kufika ugokoni napunguza mpaka 40 maana mkia unakamata majani ya bahari kila ukivuta na unatumia muda wako kusafisha ndoana. Kwenye maji ya kifuani au nikiwa kwenye boti pembeni ya mkondo naongeza, mita moja kasoro hivi. Zaidi ya hapo kumfikisha samaki mkononi inakua kazi, maana fundo la tawi linagonga kwenye pete ya ncha ya fimbo wakati samaki wa mkia bado yuko mbali na wewe.

Alafu uzito. Zito liwe mwisho, jepesi liwe kwenye tawi. Hili halina mjadala kwangu. Nyoya la kamba lenye macho ya risasi likae mkiani, kisamaki chepesi kikae juu. Ukifanya kinyume, hewani lile zito linawahi kugeuka afu lile jepesi la mwisho linachelewa, linarudi linalizunguka, na ikidondoka majini ni bonge la fundo. Lile zito likiwa mwisho linanyoosha kila kitu, na likigusa mchanga linakupa habari, unahisi vidoleni kwamba umefika chini, wakati jepesi linaelea nusu mita juu yake. Hapo umeshapata maji ya aina mbili kwa mrusho mmoja.

Na nguvu za nailoni zitofautiane. Juu naweka ya ratili 20, kama kilo 9, kati ya fundo na mkia naweka ya ratili 12, kama kilo 5 na kitu. Sababu ni matumbawe. Mkia ndo unaokwama, na ukikwama unataka ikatike chini ubaki na nyoya la juu na lida yako nzima. Ukiweka nguvu sawa inakatika popote inapotaka, mara nyingi kwenye fundo la juu, unapoteza vyote. Kila ukitoka kwenye mwamba pitisha nailoni kati ya vidole viwili, ukihisi mkwaruzo hata mdogo badilisha, kolekole hata yule wa kilo moja hana huruma na nailoni iliyochubuka.

Kurusha sasa, hapa ndo watu wanakata tamaa, na kwetu huku kuna kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Kuanzia kama mwezi wa sita mpaka wa nane kusi linapiga kweli, hata ngalawa nyingine hazitoki. Ghuba ya Mikindani imejikinga kidogo ndo maana miezi hiyo navulia mle ndani sana, ila upepo upo tu. Manyoya mawili kwenye upepo yanataka mkono mpole. Ukipiga haraka na kwa hasira ule mkunjo wa mshipi hewani unakua mwembamba, nyoya la nyuma linalikamata la mbele. Unataka mkunjo mpana, mvivu kidogo. Punguza kupunga hewani, punga mara moja au mbili achia, kila punga ya ziada ni nafasi ya ziada ya kujifunga. Nyuma piga kwa pembeni, mkono chini, mbele ulete kwa juu ya kichwa, mkono uwe unazunguka mfululizo bila kusimama katikati, maana ukisimama mshipi unalegea na ukilegea tu manyoya yanakutana. Na kama unarusha kwa mkono wa kulia afu upepo unatoka kuliani kwako, geuka, rushia begani kushoto, au hama upande kabisa. Ndoana mbili zinapita karibu na sikio lako kwa kasi, sio kitu cha kuzoea.

Kuna kifundo kinajifunga chenyewe hewani kwenye nailoni, fundo moja la kawaida tu, dogo hata hulioni. Likitokea nailoni inapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kwaiyo kila baada ya mirusho kadhaa nashika lida naikagua kuanzia juu, tawi, nafasi, mpaka mkia. Na manyoya mawili yanatengeneza hivyo vifundo vingi kuliko nyoya moja, huo ni ukweli, anayekuambia hakuna gharama hajavua kwenye upepo.

Sasa nieleze kwanini navumilia yote hayo.

Kule Msimbati maji yakianza kujaa kuna mafungu ya mchanga yanafunikwa taratibu, na taa, wale samaki bapa wenye mkia mrefu, wanaingia na maji kuja kufukua chakula. Siku moja nimesimama maji magotini, jua liko mgongoni, nikaona taa mkubwa anakuja anapiga mabawa chini, mchanga unatimka nyuma yake kama vumbi la bodaboda, na juu ya mgongo wake kabisa kolekole wawili, wamekua weusi, wamemganda utafikiri wamefungwa nae. Kolekole akimfuata taa anasubiri kaa na kamba wanaotimuliwa. Kwenye mshipi nilikua na kisamaki cheupe juu, mkiani kamba wa rangi ya mchanga mwenye macho ya risasi. Nikarusha mbele yao kama mita mbili, nikaacha vishuke, taa akafika, nikavuta kidogo. Yule kolekole wa mbele akapita kabisa karibu na kile kisamaki cheupe, hakukigeukia hata jicho, akainamisha kichwa mkia ukainuka, akachukua kamba pale kwenye vumbi. Nikampata. Taa wa pili akaja baadae na mmoja mgongoni, ikawa vilevile, cheupe kapita, kamba kala.

Hapo nikakata kile cha juu. Nimebaki na moja, narusha vizuri zaidi, linatua kimya zaidi, hamna kitu cha ziada cha kumshtua samaki kwenye maji ya magotini yaliyo safi kama yale. Samaki ameshajibu, ukiendelea kuacha mawili unabeba mzigo tu. Na rafiki zangu wengi wanaishia hapo, wakiona yanafanya kazi wanayaacha siku nzima, halafu wanashangaa samaki wanakimbia mshipi ukitua. Kwenye maji mafupi, kina cha chini ya goti, hakuna upepo, maji yametulia, mimi moja tu kuanzia mwanzo.

Lakini ukienda ndani ya ghuba ya Mikindani pembeni ya mikoko, maji yakipwa yanatoa vidagaa kwenye vijito vya mikokoni, habari inageuka. Pale kolekole wadogo wanakaa mdomoni mwa kijito kwa kundi wanasubiri, na kundi lina ushindani. Huko nafunga kisamaki kidogo sana mbele, na nyuma yake kama sentimita 50 kisamaki kikubwa kidogo, vyote vyepesi, njia ya mkia, vimekaa mstari mmoja. Ukivuta kwa kasi kinaonekana kidagaa kinakimbizwa na kisamaki. Kolekole anayeona mwenzake anakimbiza chakula hatulii, anataka afike kwanza. Pale mawili yanabaki muda wote, maana picha yenyewe ni ya mawili, ukikata moja umeua hadithi. Utaona kwa macho, wanatoka watatu wanne kwa pamoja, mmoja anapiga cha nyuma, na wenzake wanazunguka wanatafuta kingine.

Na hapo ndo unapata wawili kwa mpigo. Nisikilizeni vizuri, kolekole wawili kwenye nailoni moja wanavuta kila mmoja kwake na uzito wote unaenda kwenye kile kipande cha juu ya fundo. Legeza breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, mapema, usisubiri. Usijaribu kuwaleta wote kwa nguvu. Anayevuta zaidi mfuate yeye, mwingine ataburuzwa. Mara nyingi wa mkia anakatika kwa sababu nailoni yake ni nyembamba, na mimi naona sawa bora huyo kuliko wote. Mchangani shika wa juu kwanza, na kabla hujamgusa jua mwenzake yuko wapi.

Hapa naomba niseme kwa uzito. Ndoana ya pili ni hatari kwa mkono wako. Mgeni mmoja niliyekua nae alimshika changu aliyenasa kwenye tawi, akawa anamtoa, samaki akapiga mkia mara moja, na ile ndoana ya mkiani iliyokua inaning'inia ikamwingia kwenye kiganja mpaka ndani. Sasa fikiria, samaki kwenye ndoana moja, mkono kwenye nyingine, na samaki anaendelea kurukaruka. Ilibidi nikate nailoni katikati kwa mkasi, ndo tukapumua. Ndoana ilitoka kirahisi kwa sababu kijino tulishakikunja na plaizi kabla hatujaanza, isingekua hivyo ilikua safari ya kurudi mjini hospitali, na kutoka Msimbati ni mbali. Kwaiyo kwenye boti yangu hakuna anayefunga mawili bila kukunja vijino. Ukimleta samaki, shika kwanza nailoni chini ya samaki, ile inayoenda kwenye ndoana iliyo wazi, ikaze mkononi, au ichomeke kwenye kipande cha sponji kifuani, ndo ushughulike na samaki. Na mkasi uning'inie shingoni sio kwenye begi.

Wenye meno ni habari nyingine. Mzia na nguru wanakata nailoni bila hata wewe kuhisi, unavuta unakuta lida imekatwa kama kwa wembe. Wao wanataka kipande cha waya mbele ya nyoya, na waya kwenye tawi mimi sijaona maana yake, linajikunja, linazito, linaharibu mrusho wote. Na kuna baya zaidi, mzia anaona kolekole wako anahangaika kwenye tawi anakuja kumkata nusu, anaondoka na mkia wa mshipi pia. Nikiona mzia wamejaa pembeni ya mkondo nafunga nyoya moja lenye waya, basi.

Bamvua na maji mafu pia yana mchango. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mkondo unakua mkali, nyoya jepesi linapelekwa huku na zito kule, tawi linazunguka. Siku hizo naongeza uzito wa mkia na nafupisha nafasi. Maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, ndo raha ya manyoya mawili, mkondo mpole, muda mrefu, unaweza kuuliza maswali yako yote kwa utulivu.

Kitu kingine kidogo lakini kinaokoa asubuhi yako, yafunge nyumbani. Usifungie juani kwenye boti na mikono ya chumvi. Mimi nachukua malapa yaliyochakaa nayakata vipande vya urefu wa kiganja, nakata kamkwaruzo pembeni, nachomeka ndoana ya mkia, nazungusha nailoni, nachomeka ndoana ya juu, nimemaliza. Nabeba kadhaa, kila moja imeandikwa kwa kalamu urefu wa nafasi. Yakijifunga baharini sihangaiki kufungua, nakata pale juu ya fundo la tawi, naunga jingine, lile lililojifunga narudi nalo nyumbani. Usilitupe majini, nailoni inakaa huko miaka na inanasa ndege na kasa. Na ukirudi suuza ndoana zote na maji baridi yasiyo na chumvi, hata ambazo hazikutumika, maana unyevu wa chumvi unakula ndoana ndani ya kipande cha lapa bila wewe kuona.

Kwa wanaotaka kuja Msimbati na Ruvula, lile eneo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu 2000, ina ukubwa wa kilometa za mraba 650 na ndani yake kuna vijiji na watu wanaishi na kuvua kwa utaratibu. Usifike na fimbo ukaanza kurusha. Pita kwanza ofisini kwao ulipe kiingilio uulize kuhusu kibali na wapi panaruhusiwa, na ukifika kijijini salimia wazee, waambie unafanya nini, hiyo fimbo wengi hawajaiona na watakuonesha mahali ambapo usingepajua peke yako. Huku mi nawaachia wageni wangu waamue lakini kolekole tunarudisha wengi majini, na ndoana isiyo na kijino inasaidia hapo pia, samaki anaondoka ana nguvu.

Ndugu zangu wa Lindi mmeniuliza kama itafaa kwenu. Itafaa, ila karibu na mdomo wa mto Lukuledi wakati wa masika maji yanakua na tope, samaki haoni mbali, kwaiyo kule nyoya la juu fanyeni jeusi na nene lisukume maji, la mkiani liwe na kung'aa, na nafasi iwe fupi, sentimita 40 inatosha, ili akisikia moja alione na la pili. Anzeni maji yakianza kujaa, upande ambao mkondo unagusa mikoko, na mkipata jibu mnajua cha kukata.